Dirisha linalolia baada ya fundi kuondoka

Swali: Nimeanza kazi ya kusafisha madirisha mwaka huu. Natumia mpini mrefu wenye brashi inayotoa maji, na maji yangu yameondolewa madini. Kioo nakiacha kinang'aa, lakini saa moja baadaye mteja ananipigia simu kwamba kuna michirizi inayoshuka kutoka juu ya fremu, hasa kwenye madirisha yenye matundu ya hewa. Nimebadilisha brashi, nimeongeza sabuni, hali ni ile ile. Mteja mmoja amekataa kulipa mpaka nirudi. Nakosea wapi? Na je, nirudi bila malipo?

Jibu: Sabuni iweke kando kwanza. Ukiiongeza hapa unaongeza tu kitu kingine cha kushuka na kukaukia kwenye kioo. Brashi nayo haina hatia. Michirizi unayoieleza haitoki kwenye kioo ulichosafisha, inatoka kwenye fremu uliyoilowesha bila kuisafisha. Wewe umeshaondoka, lakini maji yaliyojificha ndani ya tundu la hewa bado yanatoka tone kwa tone, yamebeba vumbi, uchafu wa buibui na unga wa rangi, yanateremka kwenye kioo kikavu na kukaukia hapo hapo. Dirisha linalia, na anayeyaona machozi ni mteja.

Usikubali haya kwa sababu tu nimesema. Rudi kwenye dirisha moja lenye malalamiko ukalitazame kwa utulivu, jua likiwa upande. Michirizi ya fremu huwa na mwanzo. Ukiifuata kwa jicho kwenda juu utaifikisha kwenye pembe ya tundu la hewa, kwenye kiungo cha fremu, au kwenye mpira unaoshika kioo. Alama za maji yenye madini hazina mwanzo wa namna hiyo. Hizo ni vidoa vya mviringo vilivyotawanyika kioo kizima, kila kimoja mahali tone lilipokaukia. Sasa lowesha kidole upanguse. Uchafu wa fremu hutoka mara moja na kuacha kidole kikiwa cha kijivu. Chokaa ya maji hukaa pale pale, na tone la siki likiachwa juu yake kwa muda mfupi huanza kuilainisha.

Ukikuta ni vidoa, pima maji yako, na uyapime yanapotoka kwenye brashi, si kwenye tangi. Nimeona fundi akiapa kwamba maji yake ni safi, na kweli kwenye tangi yalikuwa safi, kumbe bomba lake lilikuwa bado na maji ya kawaida aliyoyatumia jana yake kuoshea gari. Kipimo cha madini yaliyoyeyuka kinatakiwa kisome 0 au karibu sana na hapo. Mimi hubadilisha rezini, zile chembe za kwenye chujio zinazonasa madini, kabla kipimo hakijafika sehemu 10 kwa milioni. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama utakuta vidoa.

Tundu la hewa lina tabia yake, na ukiielewa nusu ya kazi imeisha. Ni mfereji mwembamba unaopenya sehemu ya juu ya fremu kutoka nje hadi ndani. Kwa nje mara nyingi lina kofia ya plastiki au alumini ya kuzuia mvua, kwa ndani lina kifuniko cha kufungua na kufunga. Hewa hupita hapo usiku na mchana, na kila inapopita huacha vumbi. Buibui hupapenda kwa sababu wadudu hupita hapo hapo. Mvua ya kawaida haiingii kwa kuwa huanguka kutoka juu na kofia huizuia, kwa hiyo uchafu wa ndani unaweza kukaa miaka bila kuguswa na tone. Kisha unakuja wewe. Unasimama chini, brashi iko juu, na maji yako yanapiga kutoka chini kwenda juu, upande ambao kofia haikutengenezwa kuukinga. Yanaingia. Nafasi ya ndani ni nyembamba kiasi kwamba maji hung'ang'ania kuta zake na hayatoki kwa mkupuo. Yatatoka polepole kwa dakika ishirini, thelathini, wakati mwingine zaidi hali ya hewa ikiwa ya baridi.

Na hapo ndipo maji yaliyoondolewa madini yanapokugeuka. Uzuri wake ni kwamba hayana kitu ndani, yakikauka hayaachi alama. Lakini usafi huo unalindwa kwenye kioo kisafi tu. Yakipita kwenye vumbi la miaka mitano hayo si maji safi tena, ni uji mwembamba wa vumbi, na yatakauka kama uji unavyokauka.

Kwa hiyo dirisha lenye tundu la hewa lina njia mbili tu za kulishughulikia: kulisafisha tundu kweli kweli, au kuliacha likiwa kavu kabisa. Kosa lako, ambalo mimi mwenyewe nililifanya mwaka mzima nilipoanza, ni kukaa katikati. Unalilowesha bila kulisafisha.

Ziara ya kwanza kwenye jengo ni ya kusafisha kweli. Kabla ya kugusa maji, omba wenyeji wafunge vifuniko vya ndani vya matundu yote na waondoe vitu vilivyo kwenye vizingiti vya madirisha. Usidhani wameshafunga kwa sababu ulituma ujumbe jana. Ingia uangalie, na pale kifuniko kilipolegea tandika taulo chini yake. Vifuniko hivi havikutengenezwa kuzuia maji, hupunguza hewa tu. Angalia pia kama kuna nyigu wanaoingia na kutoka. Wakiwepo, tundu hilo unaliruka na unamwambia mwenye nyumba, maana hakuna kioo kinachostahili kuumwa usoni ukiwa kwenye ngazi.

Kisha anza na kavu. Vumbi kavu hutoka kwa urahisi, likishalowa linakuwa tope. Kwenye matundu unayoyafikia kwa mkono, tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini, au brashi ya rangi ya zamani iliyokatwa nywele fupi ili iwe ngumu kidogo. Pitisha kwenye mianya, chini ya kofia, na kwenye ukingo wa juu wa kofia ambako vumbi hulala kama kwenye rafu. Baada ya hapo ndipo kitambaa chenye unyevu, si kinachotiririka. Kofia nyingine huchomoka kwa kubanduliwa taratibu na zikichomoka unaweza kuzioshea kwenye ndoo, lakini plastiki iliyopigwa na jua kwa miaka huwa kavu kama biskuti. Omba ruhusa kwanza. Ikikataa kutoka kwa nguvu ya vidole viwili, iache ilipo.

Kama ndani ya tundu kuna wavu mdogo wa wadudu, usafishe lakini usiutoboe, na usiuondoe kwa kudhani unasaidia. Mashine ya maji ya shinikizo usiilete karibu na tundu wala karibu na mipira ya fremu. Inasukuma maji hadi sehemu ambazo hayatatoka tena kwa njia iliyokusudiwa.

Mafundi wengine huziba tundu kwa utepe wakati wa kuosha. Inafanya kazi, nami nimefanya. Lakini siku moja niliacha utepe kwenye dirisha la ghorofa ya pili na sikugundua mpaka mwenye nyumba aliponipigia siku mbili baadaye kuuliza kwa nini chumba chake kinatoka jasho. Bahati yangu kilikuwa chumba cha kulala. Chumba chenye jiko au hita inayochoma gesi au mafuta huhitaji hewa hiyo ili moto uwake vizuri na moshi utoke. Ukiziba, inaweza kujaa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Siku hizi nikiona chumba cha namna hiyo sizibi kabisa, na kwingine huhesabu vipande vya utepe ninavyobandika kama daktari anavyohesabu vifaa vyake kabla ya kushona.

Matundu yakishasafishwa kavu, osha fremu nzima: juu kwanza, kisha pembeni, kisha chini, ukisugua hasa viungo vya pembe na mstari ambao mpira unakutana na kioo. Suuza kwa wingi. Halafu, na hapa ndipo wanaoanza hukosa subira, usiguse kioo. Hamia dirisha linalofuata, kisha linalofuata, mpaka umalize fremu zote za upande mmoja wa jengo, ukianzia ghorofa ya juu kwa kuwa maji hayapandi. Ukirudi kwenye dirisha la kwanza, fremu imeshalia machozi yake yote, na kioo unachokisafisha sasa ni cha mwisho kweli. Kwa jengo dogo lenye madirisha machache huenda ukalazimika kusubiri. Subiri. Panga vifaa, kunywa maji, zungumza na mwenye nyumba.

Ziara zinazofuata ni hadithi nyingine, na hizi ndizo zitakulisha. Fremu sasa ni safi kiasi, tundu lina vumbi kidogo tu, na huna sababu ya kuliamsha. Weka brashi kwenye kioo vidole viwili au vitatu chini ya ukingo wa juu. Sugua kwa mlalo hapo, kisha shuka. Ule ukanda mwembamba wa juu uupate mwishoni kwa ncha za nywele za brashi, maji yakiwa kidogo. Wakati wa kusuuza, usiinue brashi kutoka kwenye kioo na kurusha maji hewani kama unamwagilia bustani. Maji yanayogonga kioo kwa mbali hurudi na kuruka hadi kwenye kofia ya tundu. Suuza brashi ikiwa imegusa kioo, ukiishusha polepole, ili maji yashuke kama pazia.

Utaona vioo havifanani. Kwenye kingine maji hutandaa kama karatasi na kushuka yote pamoja, kingine hukusanyika matone matone kama kwenye jani la mgomba. Hicho cha matone ndicho kinachokudanganya uinue brashi ili usuuze kwa nguvu. Vumilia, pitisha brashi mara mbili badala ya kurusha maji. Mara nyingi chanzo chake ni mafuta ya silikoni, ile gundi ya kuzibia mianya, yaliyotambaa kutoka kwenye kiungo cha fremu, ndiyo sababu utaona matone yamezunguka kando huku katikati ya kioo maji yakitandaa vizuri.

Hukuuliza kuhusu kazi ya mkono, ila utaihitaji kwenye madirisha ya chini na upande wa ndani, ambako mpini wa maji hauna nafasi. Hapo kuna kinywele cha kulowesha, yaani kitambaa chenye manyoya kilichovalishwa kwenye mpini, ndoo, na skwiji, ule mpira ulioshikwa na mpini kwa umbo la T. Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akisafisha madirisha huko California, aliubuni wa kisasa wenye mpira mmoja mwembamba katika miaka ya 1930, na kwa kweli tangu hapo hakuna aliyeuboresha sana. Tatizo la fremu linakufuata hata hapa. Ukigandamiza kinywele kilichojaa maji kwenye mpira wa fremu, mpira huo unakunywa maji, nayo yatateremka mara tu unapogeuza kisogo. Kikamue mpaka kisidondoke, kisha lowesha kioo bila kusugua fremu. Kabla ya kuvuta skwiji, kausha ukanda wa juu wenye upana wa kidole kwa kitambaa kikavu au kwa ncha ya skwiji iliyoinamishwa, halafu anza kuvuta kutoka kwenye ukanda huo mkavu. Mpira wa skwiji unaoanza mahali pakavu haubebi maji ya ukingo. Sabuni, matone machache kwa ndoo, basi. Ukiona povu limepanda kwenye kifundo cha mkono, umezidisha.

Baada ya hapo kuna kishawishi cha kufuta kingo zote kwa kitambaa. Jizuie. Futa tu palipolowa, kwa kitambaa kilichokunjwa, ukikipitisha mara moja bila kurudia. Kitambaa kilekile kikizunguka dirisha zima kinasambaza kile unachotaka kukiondoa.

Sasa shuka chini ya fremu. Fremu nyingi za alumini na za plastiki ni tupu ndani, zina vyumba vidogo, na wanaozitengeneza wanajua maji yataingia. Ndiyo maana huweka matundu ya kutolea maji kwenye sehemu ya chini kwa nje, mianya midogo ambayo wengine huidhania ni kasoro. Nimekuta imezibwa kwa silikoni na mtu aliyeamini anazuia wadudu. Maji yasipotoka hukaa. Yakikaa, dirisha lenye vioo viwili hubaki limesimama kwenye dimbwi, gundi inayoziba kingo zake hulegea, na unyevu huingia katikati ya vioo ambako hakuna fundi wa usafi anayeweza kufika. Wewe pitisha kijiti chembamba cha plastiki kwenye kila mwanya, mimina maji kidogo ndani ya mfereji wa fremu na uangalie kama yanatoka nje. Ni kazi ya nusu dakika. Isipotoa maji, mwonyeshe mwenye nyumba kabla hujaondoka, ili unyevu utakaoonekana mwezi ujao usiwe wako.

Kuna michirizi ambayo hutaimaliza hata ukifanya yote haya, na ni vyema uitambue mapema. Pitisha kidole kikavu kwenye fremu iliyopakwa rangi. Kikitoka na unga wenye rangi ya fremu, rangi imekufa kwa jua na kila tone la maji litaondoka na unga. Unaweza kuosha mara tatu, ya nne bado itatoa. Vivyo hivyo skrubu iliyoshika kutu, na ukuta wa saruji ulio juu ya dirisha. Huo wa saruji uuheshimu: maji yanayopita kwenye saruji huwa na magadi makali, na yakiachwa juu ya kioo kwa muda mrefu hula kioo chenyewe. Alama iliyofikia hapo si uchafu tena, ni jeraha, na haisafishiki.

Hapo watu hukimbilia dawa kali, na hapo ndipo madirisha huharibika. Magadi na dawa za kusafishia majiko hula alumini. Asidi, hata ile siki uliyoitumia kupimia chokaa, hula kizingiti cha marumaru kilicho chini ya dirisha wewe ukitazama kioo. Petroli na tina ya kuyeyushia rangi huvimbisha mipira ya fremu. Wembe una nafasi yake kwa rangi iliyodondokea kioo, kioo kikiwa kimelowa, ukisukuma upande mmoja tu bila kurudi nyuma, ila kwa vioo vilivyokazwa kwa moto huwa nasitasita sana, kwa sababu chembe za kiwandani hubaki zimeshikamana usoni na wembe huziburuta. Na usisugue kioo kikavu chenye vumbi. Mchanga ni mgumu kuliko kioo.

Kama dirisha moja tu ndilo linalolia na lipo karibu na jiko, inua macho. Huenda juu yake kuna tundu la kutolea moshi wa mapishi. Uchafu wa pale ni mafuta yaliyoshika vumbi, na maji yako matupu hayana uwezo nayo. Hapo ndipo sabuni uliyoikimbilia inapofaa: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa, usafishe kava la tundu hilo na ukuta ulio chini yake kabla ya kurudi kwenye kioo na maji masafi. Feni ya ndani iwe imezimwa.

Neno moja kuhusu mpini wako, kwa sababu unafanya kazi peke yako. Mipini ya nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na yenye maji ndani hata zaidi. Kabla ya kuirefusha, tazama juu utafute nyaya, si mara moja ulipofika, bali kila unapohamia upande mwingine wa jengo. Na tundu lililo juu usilolifikia kwa mkono salama, usitoke dirishani kiwiliwili kizima kulifuata. Liache kavu na uandike kwenye risiti kwamba halikusafishwa.

Nimefika kwa mteja wako aliyekataa kulipa. Ndiyo, rudi bila malipo, mara hii moja, kwa kuwa hukumweleza chochote kabla. Usirudi na mpini wala tangi. Nenda na ngazi, kitambaa kikavu na kile chenye unyevu, ufute michirizi kwa mkono, kisha mwonyeshe kitambaa, umwonyeshe na tundu la hewa lilipotoka hilo tope. Wateja wengi hawajawahi kuangalia humo. Mwambie matundu hayo yanahitaji kusafishwa mara moja kikamilifu, kwamba kazi hiyo huchukua karibu muda maradufu wa ziara ya kawaida na ina bei yake, na kwamba asipotaka utayaacha makavu na kusafisha kioo kuanzia vidole viwili chini. Achague yeye. Kwa wateja wapya, maelezo hayo yatangulie bei, na matundu uyahesabu siku ya kwanza unapozunguka jengo, kabla hujataja kiasi chochote.